Volkswagen ya Babu au Peugeot 504 ya Mjomba: Ungefufua Ipi?

TUSEME, msomaji mpendwa, kwamba nyuma ya boma lenu kule mashambani kuna magari mawili yaliyoegeshwa chini ya mti kwa miaka mingi. Moja ni Volkswagen 1200 ya mwaka wa 1962 aliyoiacha marehemu babu. La pili ni Peugeot 504 GL ya mwaka wa 1975 aliyoiacha mjomba. Kuku hutaga ndani ya moja, na watoto wakifunga shule huchezea ndani ya jingine, mmoja akiwa dereva, mwingine utingo, na wengine abiria wanaodai chenji yao.

Mwisho wa mwaka ukoo mzima umekutana. Fedha zilizochangwa zatosha kufufua gari moja tu. Jingine litauzwa kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu ambaye tayari amefika mara mbili na mizani yake. Wazee wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unaapa kuwa Volkswagen haifi. Upande wa pili unacheka na kuuliza ni nani aliyewahi kusafiri raha mustarehe ndani ya Volkswagen. Sauti zimepanda, chai imepoa, na bibi, ambaye magoti yanamsumbua na ambaye kila mwezi hupelekwa kliniki kwa bodaboda, amenyamaza kwenye kiti chake. Hatimaye wote wanakugeukia wewe: "Wewe ndiwe uliyesoma. Hebu tuambie, kati ya haya mawili, gari ni lipi?"

Utawajibu nini?

Aghalabu watu hulijibu swali la namna hii kwa mapenzi. Aliyempenda babu atasema Volkswagen, na aliyepelekwa shule ya bweni na mjomba atasema Peugeot. Mapenzi si dhambi, lakini hayajazi tangi wala hayapandi mlima. Katika makala haya tutayapima magari haya mawili kwa tarakimu, kisha tuzipime tarakimu zenyewe kwa barabara zetu. Mwishoni tutarudi chini ya mti ule tutoe uamuzi.

MOJA LA UJERUMANI, JINGINE LA UFARANSA

Volkswagen, kwa Kijerumani, maana yake ni gari la watu. Ilibuniwa katika miaka ya 1930 na mhandisi Ferdinand Porsche, na jiwe la msingi la kiwanda chake liliwekwa mwaka wa 1938 mahali ambapo leo ni mji wa Wolfsburg. Utawala wa Hitler uliwaahidi raia gari la bei nafuu, lakini vita vikazuka na raia hawakulipata. Ni baada ya vita, mwaka wa 1945, ambapo afisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Meja Ivan Hirst, alikifufua kiwanda hicho na magari yakaanza kutoka kwa wingi.

Umbo lake la mgongo wa kobe liliwafanya Waingereza na Wamarekani kuliita Beetle, jina la mdudu mwenye gamba gumu. Mdudu huyo aliishi maisha marefu. La mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla, nchini Mexico, tarehe 30 Julai mwaka wa 2003, na kwa jumla yalikuwa yameundwa magari 21,529,464.

Peugeot 504 ni mdogo wake kwa miaka thelathini hivi. Ilizinduliwa mwaka wa 1968 mjini Paris, ikiwa na umbo lililochorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia, na mwaka wa 1969 ikatawazwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Zaidi ya milioni 3 ziliundwa. Saluni yake iliacha kuundwa Ulaya mwaka wa 1983, lakini Afrika haikuwa tayari kuiaga. Hapa Kenya 504 zilikuwa zikiunganishwa Mombasa. Nchini Nigeria, mwaka wa 1975, viwanda viwili vilianza kazi karibu wakati mmoja: kimoja cha Volkswagen mjini Lagos na kingine cha Peugeot mjini Kaduna. Kwa hivyo ubishi wa ukoo wenu si wa ukoo wenu peke yenu. Umepigwa katika pembe nyingi za bara hili.

INJINI MBELE, INJINI NYUMA

Magari yote mawili yana injini ya silinda nne, na yote husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kufanana kunaishia hapo.

Injini ya Volkswagen iko nyuma, mahali ambapo magari mengine huweka mizigo. Silinda zake zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule, zikitazamana kama watu wanaopigana ngumi. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1192, zile ambazo mafundi wetu huziita "sisi". Nguvu zake ni za farasi 34.

Injini ya Peugeot iko mbele, chini ya boneti, na silinda zake zimejipanga mstari mmoja. Zile 504 za kwanza zilikuwa na sisi 1796 na nguvu za farasi 82. Baadaye injini iliongezwa ikawa ya sisi 1971, na hiyo ndiyo iliyo katika gari la mjomba. Ile ya kabureta ina nguvu za farasi 93.

Ukitazama karatasi peke yake, mchezo umekwisha. Farasi 93 dhidi ya 34 ni karibu mara tatu. Lakini ngoja kwanza, kwa maana farasi hawakokoti hewa, hukokota chuma.

CHUKUA KALAMU

Nyinyi wanafunzi, hesabu hii ni yenu. Volkswagen 1200 ina uzani wa karibu kilo 760. Peugeot 504 ina uzani wa karibu kilo 1,200. Gawanya kilo kwa farasi. Katika Volkswagen kila farasi anakokota kilo 22 na ushei. Katika Peugeot kila farasi anakokota karibu kilo 13. Kwa hivyo tofauti si mara tatu tena, bali ni chini ya mara mbili. Wepesi wa gari la babu umelipunguzia aibu.

Sasa wapakie watu wanne wa kilo 70 kila mmoja, yaani kilo 280. Farasi wa Volkswagen sasa anakokota karibu kilo 31, naye wa Peugeot kilo 16. Angalia kilichotokea: mzigo ule ule umemwongezea farasi wa babu kilo 8, na wa mjomba kilo 3 tu. Gari jepesi huhisi kila abiria anayeingia. Ndiyo sababu dereva wa Volkswagen akiwa peke yake hutamba mjini, lakini akibeba jamii nzima na gunia la viazi hujikuta katika gia ya pili, lori likimpigia honi kutoka nyuma.

Jambo hilo hilo huonekana katika mwendo. Volkswagen 1200 huchukua zaidi ya nusu dakika kufikia kilomita 100 kwa saa, na mwendo wake wa mwisho ni kilomita 115 kwa saa. Peugeot ya mjomba hufikia kilomita 100 kwa chini ya sekunde 15, na inaweza kukimbia karibu kilomita 160 kwa saa. Usidhani hili ni suala la kupenda mbio. Unapolipita lori katika barabara ya njia mbili, kila sekunde unayokaa upande usio wako ni sekunde ya hatari. Mwenye Volkswagen mwenye busara hapiti, husubiri.

MILIMA YETU

Kuna tarakimu nyingine ambayo haiandikwi katika vitabu vya magari vya Ulaya, nayo ni kimo cha nchi yetu kutoka usawa wa bahari. Injini huchoma petroli ikichanganyika na hewa, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Kwa kila mita 1,000 injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Timboroa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, iko zaidi ya mita 2,700. Kule juu robo nzima ya farasi huwa wamebaki njiani. Volkswagen iliyoondoka Mombasa na farasi 34 hufika Timboroa na 25 au 26. Peugeot huwa imebaki na karibu 70. Umaskini wa mwenye kidogo huonekana zaidi akipunguziwa, na magari nayo ni hivyo hivyo.

PETROLI MPAKA MOMBASA

Hapa ndipo wanaoitetea Volkswagen huinua vichwa. Gari la babu hutumia takriban lita 8 kwa kilomita 100, ukiliendesha kwa utaratibu. La mjomba hutumia takriban 11. Safari ya Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480, itakula lita 38 kwa Volkswagen na lita 53 kwa Peugeot. Tangi la Volkswagen hubeba lita 40, na la Peugeot lita 56. Kila moja linaweza kufika pwani kwa tangi moja, ingawa dereva atafika akiwa na wasiwasi.

Lakini usihesabu gari, hesabu watu. Volkswagen ikiwa na watu wanne, kila mmoja amegharimu lita 9 na nusu. Peugeot ikiwa na watu watano, kila mmoja amegharimu lita 10 na nusu hivi. Tofauti imekuwa lita moja kwa kila kichwa. Na kama gari la mjomba lingekuwa lile la mgongo mrefu, lenye viti saba, ambalo lilibeba abiria wa masafa marefu katika nchi hii kwa miaka mingi, basi Peugeot ndiyo ingeshinda hata kwa petroli. Wenye magari ya uchukuzi hawakulichagua kwa urembo.

MAJI AU UPEPO?

Injini ya Volkswagen haipozwi kwa maji. Hakuna radieta, hakuna mpira wa maji wa kupasuka. Kuna feni kubwa inayopuliza hewa juu ya silinda, basi. Katika nchi yenye vumbi, jua na umbali mrefu kati ya mto na mto, hilo lilikuwa jambo la maana sana. Gari lisilo na maji haliwezi kuchemsha maji.

Lakini kila kizuri kina doa lake. Feni ile huzungushwa na belti moja, na belti hiyo hiyo ndiyo inayozungusha dinamo. Ikikatika, taa nyekundu huwaka mbele ya dereva na injini huwa imebakiwa na dakika chache tu za uhai. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa mtoto, alizoea kusafirishwa katika kile kijishimo kilicho nyuma ya kiti cha nyuma, karibu kabisa na injini, na anakumbuka siku belti ilipokatika mlimani. Baba hakusonga hata hatua ishirini zaidi. Alisimama, akatoa belti nyingine chini ya kiti, akaifunga, tukaendelea. Jirani yetu mmoja aliyedhani kuwa taa ile ilikuwa na hitilafu tu alinunua injini nyingine.

Peugeot hutumia maji na radieta. Ikitunzwa haina neno. Ikipuuzwa huchemka, na kichwa chake cha aluminiamu hujipinda. Hata hivyo Wafaransa walifanya jambo moja la busara. Mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka yanaweza kung'olewa na kubadilishwa. Injini ikichoka hulazimiki kuitupa. Fundi huweka mabomba na pistoni mpya, na gari huanza maisha upya. Ndiyo maana utaziona Peugeot zilizokwenda kilomita nyingi kuliko umri wa mwenyewe.

Kwa upande wa urahisi wa kutengeneza, Volkswagen bado haina mpinzani. Injini yake imeshikwa na boliti nne kwenye gia-boksi. Watu wawili wanaweza kuishusha, kuiweka juu ya gunia na kuifungua chini ya mwembe. Kwa kijana anayetaka kujifunza ufundi, hakuna mwalimu mvumilivu kuliko huyu.

TOPE NDILO MWAMUZI

Wazee wanaotetea gari la babu watakukumbusha mashindano ya Safari, na wana haki. Yalianza mwaka wa 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka wa 1954 Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda wakiendesha Volkswagen. Mwaka wa 1957 Gus Hofmann na Arthur Burton wakafanya vivyo hivyo. Kisha Mercedes-Benz, zenye injini za silinda sita, zikashinda mara tatu mfululizo, 1959, 1960 na 1961. Ni nani aliyezikomesha? Mwaka wa 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider walifika wa kwanza wakiwa katika Volkswagen 1200, ndugu pacha wa gari lile linalotagwa mayai nyuma ya boma lenu.

Farasi 34 walishindaje? Jibu liko chini ya gari. Kwa kuwa injini iko nyuma, sehemu kubwa ya uzani huyakalia magurudumu yanayosukuma, kwa hivyo hayazunguki bure kwenye tope. Sakafu yake ni tambarare kama ya mtumbwi, na juu ya matuta huteleza badala ya kukwama. Fauka ya hayo, lilikuwa jepesi kiasi kwamba likizama watu wachache wangeweza kulisukuma.

Lakini Peugeot nao hawakulala. Mtangulizi wa 504, yaani Peugeot 404, alishinda Safari mwaka wa 1963 wakati ambapo magari 84 yaliondoka na 7 tu yakarudi. Akashinda tena mwaka wa 1966, 1967 na 1968. Kisha mwaka wa 1975 likaja jambo ambalo kila mwenye kupenda tarakimu anapaswa kulitafakari. Kampuni ya Lancia ya Italia ilileta magari yake ya Stratos, yaliyoundwa kwa ajili ya mashindano, yenye injini ya silinda sita kutoka kwa Ferrari. Kwa karatasi, 504 haikuwa na nafasi. Ove Andersson na Arne Hertz wakashinda katika Peugeot 504, na Stratos zikafuata katika nafasi ya pili na ya tatu. Mwaka wa 1978 504 ikashinda tena, safari hii ile ya milango miwili yenye silinda sita, ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas na Jean-Claude Lefèbvre.

Siri ya 504 ilikuwa springi zake ndefu na laini. Gurudumu liliweza kushuka shimoni na kupanda tena bila bodi kupata habari. Katika saluni ya mjomba kila gurudumu la nyuma hujitegemea, kwa hivyo upande mmoja ukiingia shimoni upande wa pili hautikisiki sana. Lile la mgongo mrefu lina ekseli nzima ya chuma, na kila upande limewekewa springi mbili ili libebe mizigo.

Somo la Safari ni hili: aliyeshinda si mwenye farasi wengi, bali ni yule ambaye gari lake lilifaa njia iliyokuwa mbele yake.

BREKI NA MAISHA YAKO

Sasa tuongee kama wazazi. Volkswagen 1200 husimamishwa kwa breki za ngoma katika magurudumu yote manne. Peugeot 504 GL ya miaka ile ina breki za sahani katika magurudumu yote manne, na zina msaada wa kumpunguzia dereva kazi ya kukanyaga. Ukishuka mteremko mrefu breki za ngoma hupata joto na kulegea mapema zaidi.

Fauka ya hayo, Volkswagen za zamani zikikata kona kwa kasi, gurudumu la nyuma laweza kujikunja kuelekea ndani na gari likapinduka. Na tangi la petroli liko mbele, karibu na miguu ya watu. Gari hilo lilibuniwa kwa barabara zilizokuwa na magari machache. Leo barabara zetu zina mabasi na malori yanayokwenda kasi. Ukilifufua, liendeshe kwa heshima ya umri wake, na usimpe mwanao aliyepata leseni jana aende nalo Naivasha usiku.

KABLA HUJATOA HATA SHILINGI

Lolote utakalochagua, likague kwanza. Katika Volkswagen, inua kiti cha nyuma. Betri iko hapo chini, na mara nyingi sakafu inayoizunguka huwa imeliwa na kutu. Hakikisha pia kuwa betri imefunikwa, maana chuma cha kiti kikiigusa huzua moto. Badilisha mpira wa petroli ulio juu ya injini, hata kama unaonekana mzima. Volkswagen nyingi zimeteketea kwa sababu ya kipande cha mpira cha bei ndogo. Ukiona betri ni ya volti 6, usishangae wala usiibadilishe kwa ya volti 12 kabla ya kuongea na fundi.

Katika Peugeot, fungua kifuniko cha radieta injini ikiwa baridi. Ukikuta mafuta yanaelea juu ya maji, kuna kasoro kwenye kichwa cha injini. Chunguza kutu chini ya milango na mahali springi za mbele zinaposhikilia bodi. Katika yote mawili, tupa tairi kuukuu bila huruma, na mipira ya breki vivyo hivyo.

Kisha kuna karatasi. Tafuteni logbuku kabla ya kumtafuta fundi. Gari lililo katika jina la marehemu haliwezi kuhamishiwa mtu mwingine kwa maneno ya mkutano wa ukoo. Mtahitaji hati za mahakama kuhusu urithi wake.

TURUDI CHINI YA MTI

Haya, wazee wanakungoja. Tumehesabu sisi, farasi, kilo, lita na sekunde. Kuna tarakimu moja ambayo hatujaitaja, na hakuna anayejivunia nayo anapojisifia gari. Ni idadi ya milango. Volkswagen ina milango miwili. Peugeot ya mjomba ina minne.

Mtazame bibi aliyenyamaza kwenye kiti chake. Ili aketi nyuma katika Volkswagen, lazima kiti cha mbele kilazwe, ainame, apinde yale magoti, ajipenyeze. Katika Peugeot atafunguliwa mlango wake, aketi kwanza, kisha aingize miguu polepole. Na usiku mtu akizidiwa, mama akishikwa na uchungu wa kujifungua au mtoto akipandwa na homa, mtahitaji gari ambalo mgonjwa ataingia na msaidizi wake aketi kando yake.

Kwa hivyo mwandishi wa makala haya angewajibu hivi: ifufueni Peugeot. Si kwa sababu ina farasi 93, bali kwa sababu farasi hao, springi hizo, breki hizo na milango hiyo minne vinaifaa safari ambayo jamii yenu inakwenda. Kama wewe ungekuwa kijana asiye na familia, anayekaa mjini, mwenye kiu ya kujifunza ufundi na mfuko mwembamba, jibu lingekuwa Volkswagen, na ungekuwa umechagua vyema.

Lakini neno moja kabla mnunuzi wa vyuma hajaweka mizani yake chini. Yeye katika tarakimu zote tulizozitaja husoma moja tu: kilo 760. Usimwuzie. Kuna watu nchini humu wanaokusanya magari ya kale na kuyarejesha katika urembo wake, na tangu mwaka wa 2003 kumekuwa na mashindano ya magari ya zamani yanayopita njia za Safari. Volkswagen ya 1962, hata ikiwa na mayai ndani, ina thamani machoni pa watu kama hao kuliko uzani wa chuma chake. Mkimpata mmoja, huenda fedha zake ndizo zitakazoinunulia Peugeot tairi mpya.

Naye bibi, siku gari litakapounguruma, mketisheni mbele.

MAGARI HAYA KWA UFUPI

Volkswagen 1200 (1962): injini nyuma, sisi 1192, farasi 34, uzani karibu kilo 760, urefu mita 4.07, mwendo wa mwisho kilomita 115 kwa saa, tangi lita 40, hupozwa kwa hewa, breki za ngoma, milango 2.

Peugeot 504 GL (1975): injini mbele, sisi 1971, farasi 93, uzani karibu kilo 1,200, urefu mita 4.49, mwendo wa mwisho karibu kilomita 160 kwa saa, tangi lita 56, hupozwa kwa maji, breki za sahani, milango 4.